Tezi na omo: Kunduchi hadi Tanga kwa katamarani katika upepo wa kusi

JUMATANO. Kunduchi hadi Bagamoyo

Kusi la Agosti lina desturi yake. Alfajiri hupumzika, umande ukavuma taratibu kutoka bara. Jua likipanda, upepo unageukia kusini-mashariki, na kufikia alasiri bahari nzima ina mapovu meupe. Tuliondoka Kunduchi saa moja asubuhi, maji yakipwa, ili tuonje vyote viwili.

Chombo ni katamarani aina ya Hobie 16: mitumbwi miwili myembamba ya faiba, urefu mita 5 na kidogo, imeungwa kwa boriti za alumini na katikati yake limekazwa turubai la kukalia. Hakina mkuku, ule uti wa chini unaozama majini, wala ubao wa kuteremsha majini. Kinachokizuia kisisombwe kando ni umbo la mitumbwi yenyewe, bapa upande wa nje na mviringo upande wa ndani. Aliyekisanifu ni Hobie Alter wa California, fundi wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, na alichotaka ni chombo cha kuvuka mawimbi ya ufukweni na kutua mchangani. Sisi pia tulikitaka kwa sababu hiyo hiyo. Kati ya Kunduchi na Tanga fukwe ni nyingi, magati ni ya kuhesabu.

Nahodha ni binamu yangu, kilo 82. Mimi ni kilo 58, na kazi yangu ina jina zuri la ubaharia, lakini kwa kweli mimi ni shehena inayotembea. Ngalawa ina mirengu yake, zile mbao za pembeni zinazoelea, pande zote mbili. Upepo ukiilaza, mrengu wa demanini, upande upepo unakoelekea, unakataa kuzama na mambo yanaendelea. Katamarani haina msaada huo. Ina mtumbwi wa pili na ina miili ya waliomo. Nyuma yetu inakuja boti ya faiba yenye injini, imebeba mizigo, maji ya kunywa na vijana wawili ambao tangu asubuhi wanatucheka.

Walikuwa na haki ya kucheka. Saa ya kwanza nililala kifudifudi mbele ya mlingoti, upande wa demanini, kidevu karibu na maji. Upepo ukiwa mdogo watu wote husogea mbele, maana mitumbwi hii ina tezi nzito, yaani ncha za nyuma: ukikaa nyuma zinazama na kuburuta maji. Unalisikia kosa kabla ya kuliona. Nyuma panagugumia, maji yanazunguka kwenye usukani. Ukisogea mbele kiasi cha shubiri mbili, mgugumio unakatika na chombo kinaanza kuteleza. Kulala upande wa demanini nako kuna maana yake, kwa sababu chombo kinainama kidogo, tanga linajaa kwa uzito wake lenyewe, na mtumbwi wa joshini, upande upepo unakotoka, unapunguza kugusana na maji.

Tulipokipita kisiwa cha Mbudya kusi likaamka, nasi tukaamka. Bagamoyo iko kaskazini-magharibi, kwa hiyo upepo ulikuwa mgongoni kabisa, na katamarani haiupendi upepo wa mgongoni. Ukiielekeza moja kwa moja inadorora. Tukaenda kwa pembe, mara tukielekea Unguja, mara tukielekea mikoko ya Mbegani, na kila tulipogeuza ilibidi nivuke turubai kwa magoti bila kurukaruka. Magoti yangu sasa yana rangi ya zambarau.

Saa tisa tulitua Bagamoyo, maji yamejaa mpaka juu. Chai, samaki wa kukaanga, usingizi.

ALHAMISI. Bagamoyo hadi Saadani

Usiku kabla ya kulala tulipiga hesabu kwenye karatasi ya maandazi, na naiandika hapa kwa sababu imenibadilishia namna ninavyojiona ndani ya chombo.

Hobie 16 ina uzito wa kilo 145 na upana wa mita 2.41. Ikiinama, inaegemea mtumbwi wa demanini. Uzito wa chombo chenyewe uko katikati, mita 1.2 kutoka hapo, kwa hiyo nguvu yake ya kukataa kupinduka ni 145 mara 1.2, karibu 174. Mimi nikitoka nje kwa waya unaoshuka kutoka juu ya mlingoti na kunasa kwenye mkanda wangu wa kiunoni, nyayo zikiwa ukingoni, kiwiliwili changu kinakaa kama mita 3.4 kutoka mtumbwi wa demanini. Kilo 58 mara 3.4 ni 197. Maana yake mimi peke yangu, mtu ambaye upepo wa Kariakoo huweza kumvua kilemba, nakishinda chombo kizima kwa kukishikilia. Nahodha akikaa ukingoni bila waya anaongeza 190 hivi. Zaidi ya nusu ya kinachotuzuia tusipinduke ni nyama na mifupa.

Hesabu hiyo ni ya kushoto na kulia tu. Leo tulifundishwa ya mbele na nyuma.

Asubuhi maji yalikuwa yamepwa mbali, tukakisukuma chombo mchangani hadi tukahema. Kusi halikuwa limelala usiku. Tulipofika mbele ya mdomo wa Ruvu, maji ya mto yakawa yanatoka na upepo unaingia, na vikigongana hivyo panazuka mawimbi mafupi yenye kuta, moja likifuata jingine bila nafasi ya kupumua. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele karibu na mlingoti, nahodha nyuma kwenye kana, mpini wa usukani, na chombo kikaanza kutikisa kichwa, yaani omo, ncha yake ya mbele. Omo juu, omo chini, puu! Tanga likajaa na kupwaya, likajaa na kupwaya, mwendo ukafa.

"Dada, njoo huku. Karibu. Karibu zaidi, usione haya."

Nikarudi nyuma mpaka bega langu likagusa lake. Kutikisika kukapungua pale pale. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hudhani uzito ukitawanywa chombo kitatulia. Ni kinyume. Aliyewahi kubeba mzega anajua: ndoo mbili kwenye ncha za mti zikishaanza kuyumba hazikubali kusimama, lakini mzigo huo huo ukiwa mgongoni unakutii. Wimbi linaponyanyua omo, linatakiwa likute omo nyepesi, ili chombo kipande upesi na kushuka upesi, kisha kiachane nalo. Uzito ukiwa ncha mbili, kila wimbi linaacha mtikisiko ambao wimbi linalofuata linauongeza.

Kwa hiyo sheria ya nahodha kuanzia leo: twende mbele au twende nyuma, lakini twende pamoja. Mizigo michache tuliyonayo kwenye turubai tukaifunga katikati.

Mdomo wa Wami tuliupita kwa mbali. Saadani tulitua karibu na kijiji, siyo upande wa hifadhi, maana huko tembo hufika ufukweni na hakuna aliyetaka kujua chombo cha faiba kina ladha gani kwao. Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu chini ya kivuli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mirengu yake iko wapi?"

Nikamwonyesha waya na mkanda. Akaukagua mkanda kwa muda mrefu, akavuta kulabu yake, akauliza kama umeshonwa au umegundishwa. Kisha akasema wao kusi likizidi humpeleka kijana joshini akakalie mrengu, na kijana huyo huchaguliwa kwa kuwa mzito na kuwa na akili, na vitu hivyo viwili ni nadra kukutana. Nahodha alicheka kupita kiasi.

IJUMAA. Saadani hadi Pangani

Siku ndefu, na ndiyo siku niliyoipenda.

Hadi Mkwaja bahari ilikuwa ile tuliyoizoea, kwa sababu Unguja inakinga. Kisiwa kirefu kile kinasimama upande wa mashariki na mawimbi ya Bahari ya Hindi yanavunjikia huko Paje na Matemwe, siyo kwetu. Lakini Nungwi ndio mwisho wa Unguja, na ukishapita usawa wake mlango unafunguka. Kati ya Unguja na Pemba hakuna kitu cha kuzuia mawimbi. Tuliliona badiliko kabla ya saa nne: chini ya vile viwimbi vya upepo ikaanza kupita migongo mirefu, ya taratibu, yenye mabonde ambayo boti ya wenzetu ilikuwa inazama ndani yake mpaka tukaona kofia tu.

Pwani hapa inageuka kuelekea kaskazini na mashariki kidogo, kwa hiyo upepo ulihama kutoka mgongoni ukawa ubavuni. Huo ndio upepo katamarani inautaka, na ndio unaoangusha watu. Nikaenda kwenye waya. Nahodha aliniweka nyuma yake kabisa, mguu wangu wa nyuma umeingia kwenye kitanzi kilichofungwa tezini.

Nilichelewa kukipenda kitanzi hicho, nilikiona ni cha waoga. Hatari ya waya si kuanguka majini. Omo ikichoma wimbi, chombo kinapunguza mwendo ghafla, ila mwili ulioning'inia haujapata habari hizo, unaendelea na safari. Unabembea kwenda mbele, na kilo zako zote zinafika kwenye omo sekunde ile ile ambayo omo inazama. Hapo tezi zinanyanyuka na chombo kinapiga kichwa-ngomba. Kitanzi kinakufunga ubaki nyuma, unakohitajika.

Baada ya hapo ni kusikiliza miguu. Naandika jinsi ilivyokuwa mguuni, kwa sababu machoni ilikwenda haraka mno. Wimbi linakuja kutoka nyuma, upande wa kulia. Tezi inaanza kunyanyuka, nyayo zinahisi ukingo unainamia mbele. Pale pale unakunja goti la mbele, unasogeza kifua mbele kidogo, sentimita chache tu, na chombo kinakubali kuteremka badala ya kuachwa na wimbi. Kinachapuka. Sauti inabadilika kutoka mlio wa maji yanayopasuka kuwa mvumo. Sasa unakimbia kuliko wimbi lililokubeba, na mbele yako kuna mgongo wa wimbi jingine, na omo inaelekea kuuchoma. Kabla haijafika unanyoosha goti la mbele, unajitupa nyuma, nahodha naye anarudisha mgongo, mnagusana, omo zinanyanyuka na kupanda mgongo ule kama hakukuwa na ubishi. Chombo kinapunguza mwendo, wimbi la nyuma linakufikia, unaanza upya.

Mbele kuomba, nyuma kujikinga. Kutwa nzima.

Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo chetu hakina ngama, lile shimo la chini ya chombo maji yanakojikusanya, kina turubai lenye mashimo, na wanaokwenda tezi na omo ni sisi. Nilimpigia nahodha kelele nikimwambia hivyo. Alijibu "Nini?" na hakuna aliyerudia.

Mara moja ilituponyoka. Wimbi mbili zilikutana, mteremko ukawa mkali kuliko tulivyotarajia, na mtumbwi wa demanini ukaingia majini kuanzia omo hadi karibu na boriti ya mbele. Maji ya kijani yakapanda juu ya turubai. Nahodha alilegeza kamba ya tanga na kukielekeza chombo mbali na upepo. Hakukipandisha kuelekea upepo, ingawa mkono hutamani kufanya hivyo. Ukipandisha wakati omo imezama, kasi yote inageuka kuwa nguvu ya kukupindua. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kubaki mahali nilipo huku kila kitu kikinivuta mbele. Kitanzi kikanikata kifundo cha mguu. Omo ikaibuka ikimwaga maji pande zote mbili, na tulikuwa bado tunakwenda.

Mdomo wa Pangani una fungu la mchanga na unahitaji adabu. Tulifika saa nane, maji yakijaa, na hilo ndilo tulilolipangia: maji yanayojaa na upepo vinaingia pamoja, mawimbi yanakuwa marefu na yenye kueleweka. Kuingia hapo maji yakipwa, kusi likivuma, nisingependa hata kwa meli. Tulikaa nyuma kabisa, wote wawili, tukapanda mgongo wa wimbi moja na kukaa juu yake bila kulipita mpaka tukaona nyumba za zamani za mji upande wa kulia.

Nahodha aliswali safari, adhuhuri na alasiri pamoja. Mimi nilikula wali na kamba kwa mikono isiyotaka kukunjuka.

JUMAMOSI. Pangani, Maziwe, Pangani

Hadi jana hatukuwa tumepanda upepo hata kidogo. Leo tumeupanda. Maziwe iko kusini-mashariki mwa mdomo wa mto, yaani kule kule upepo unakotoka, na lazima ufike wakati maji yamepwa kwa sababu yakijaa kisiwa hakipo. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ni leo. Tofauti ya maji katika pwani hii wakati wa bamvua hukaribia mita 4.

Kubisha, yaani kuupanda upepo kwa pembe, kwa katamarani ndogo ndani ya mawimbi ni kazi ya subira, na hapa mwendo wa mwili ni kinyume cha jana. Jana wimbi lilikuwa linatusukuma, leo linatupinga. Omo inapolikaribia wimbi, mabega yanarudi nyuma kidogo ili omo ipande. Kilele kikifika kwenye mlingoti, mabega yanakwenda mbele kabla omo haijaning'inia hewani, ili ishuke kwa upole na isipige. Kipigo kile cha omo ni hasara tupu. Chombo kinatetemeka, upepo unamwagika kutoka kwenye tanga, na kabla hakijashika mwendo tena wimbi linalofuata limeshafika. Nahodha naye alikuwa akifanya lake kwenye usukani, akipandisha kidogo kuelekea upepo wakati wa kupanda, akiuachia wakati wa kushuka. Nikiwahi kuliko yeye, tunapiga. Akiwahi kuliko mimi, tunapiga. Baada ya muda tuliacha kusemezana.

Hapa niseme langu kuhusu picha. Ukitafuta picha za katamarani, karibu zote zinaonyesha mtumbwi mmoja uko hewani, na baharia amelala kwenye waya akitabasamu. Ni picha nzuri. Kwenye maji bapa pia ni mwendo mzuri, mtumbwi ukiwa umeachana na maji kiasi cha kiganja tu. Ndani ya mawimbi ni upuuzi. Mtumbwi ukiruka juu, upepo unapata njia chini ya turubai, wa demanini unabeba mzigo wote na kuzama zaidi, na wimbi la kwanza linakuuliza maswali. Tangu asubuhi kazi yetu ilikuwa kuuweka mtumbwi wa joshini ukibusu maji. Upepo ukizidi nanyooka, ukipungua nakunja magoti na kuingia. Nikichelewa kuingia ni mimi ninayechovywa.

Kugeuza nako kuna kanuni. Hobie 16 ni ndefu, nyepesi na haina mkuku wa kuizungukia, kwa hiyo inapenda kusimama uso kwa uso na upepo na kugoma. Dawa ni kusubiri mahali bapa nyuma ya wimbi kubwa, wote wawili kurudi nyuma upande wa joshi ili omo zitoke majini na chombo kizunguke juu ya tezi zake, kuacha tanga dogo la mbele lishike upepo upande usio wake hadi liivute omo ivuke, halafu kuvuka haraka na kwenda mbele. Ukibaki nyuma sekunde moja zaidi, kinaanza kurudi kinyumenyume. Vijana wa boti ya injini walikuwa wameacha kucheka. Mmoja akaomba ajaribu. Kilo 90. Nahodha alimtazama kwa upendo ambao mimi sijawahi kuupata.

Maziwe ni mchanga mtupu, mweupe, umezungukwa na matumbawe. Wazee wa Pangani wanaikumbuka ikiwa na miti ya mivinje, kisiwa kamili chenye kivuli. Mchanga ulimomonyoka, miti ikaenda, na leo hakuna hata kichaka. Kasa bado wanapanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo bara, la sivyo maji ya bamvua yangeyazamisha. Ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, na kuna muda. Hatukukaa. Maji yalipoanza kugusa mitumbwi tuliondoka.

Kurudi Pangani kwa upepo wa nyuma kulichukua muda mfupi kiasi cha kututia aibu.

JUMAPILI. Pangani hadi Tanga

Mwili umekataa. Mbavu chini ya mkanda zimechubuka, vidole havikunji. Nahodha alijitolea kwenda kwenye waya mwenyewe na kunipa usukani, na matokeo yake niliyatarajia. Kilo 82 nje na 58 kwenye kana, chombo kikawa kigumu kulala, kikabeba upepo ambao jana kingeukataa. Lakini ni mzito kutoka na kuingia, na upepo ulipopungua mara mbili hivi alitua majini kama gunia la chumvi. Sikusema kitu. Nililegeza kamba ya tanga na kutazama upeo wa macho.

Mawimbi ya pembeni, marefu, hayakuwa na hasira. Tongoni tuliipita tukiona mikoko tu, magofu yenyewe yamejificha nyuma yake. Baada ya hapo ghuba ya Tanga ikafunguka, maji yakawa bapa, na kwa mara ya kwanza tangu Kunduchi tuliunyanyua mtumbwi hewani tukauweka hapo, kiganja kimoja juu ya maji, hadi tukakipita kisiwa cha Toten. Ufukweni kulikuwa na watoto wanapiga picha kwa simu.

Chombo kimefunguliwa mlingoti na kesho kinapakiwa kwenye lori kurudi Dar. Kurudi kwa tanga ni kungoja kaskazi, Desemba hivi, na nahodha ameshaniuliza kama nitakuwepo. Nimemwambia kwanza anunue mkanda mwingine, huu aliutoa kwa mtu mwenye kiuno chake.